Siku Mbili Karlovi Vari

Daftari ni lile la ushirika, limebakiza kurasa kumi na moja,
mistari myekundu, safu ya Kilo, safu ya Daraja.
Miaka ishirini na sita nimeandika humo kahawa za watu.
Usiku huu, huku Mbokomu, umeme umerudi, naandika safari yangu:
Jumamosi, basi kutoka Praga, mwendo wa saa mbili na ushee.
Jumamosi mchana: kunywa maji.
Jumapili: kunywa maji.
Nimeyasoma tena, nikacheka peke yangu.

Maana Mama Ndeshi amekwisha nisema uani,
mkungu wa ndizi ng'ombe kichwani, hata hajautua:
"Dada, maji moto si yapo Chemka?
Unashuka Boma, unapanda bodaboda, unaoga mpaka vidole vinakunyata,
jioni uko jikoni kwako.
Wewe unauza ng'ombe wawili
ukanywe maji yenye ladha ya msumari?"

Ladha ya msumari nilimsimulia mwenyewe.
Ni maneno ya Elinami.
"Kama msumari uliolowekwa kwenye chai," alikuwa akisema,
"na unayanywa ukitembea, taratibu,
kama mtu anayesindikiza mgeni."
Kisha huinuka kutuonyesha, kati ya stuli na redio,
kikombe mkononi, kile chenye mdomo kwenye kishikio,
watoto nyuma yake msururu, wakifyonza hewa.

Walimpeleka kusomea mitambo, mwaka wa sabini na mbili.
Alirudi na koti zito, kikombe hicho,
na picha moja.

Picha ninayo hapa chini ya taa.
Yeye, mwembamba, na nguzo nyeupe nyuma yake
zimenyooka kama migomba iliyopandwa kwa kamba.
Kushoto umepita mkasi.
Haukupita vizuri: umebakiza mkono,
glavu ya sufu, na kikombe kama hiki,
mdomo wake umemwelekea yeye.

Miaka arobaini na moja ya ndoa sikuuliza.
Naye hakusema. Tulikuwa na mengine ya kusema:
mbolea, paa, sukari yake iliyokuwa ikipanda.
"Nitakupeleka," aliniambia kila Krismasi,
na kila Januari ikaja na ada zake.

Basi napiga hesabu. Anande ametuma barua ya mwaliko,
benki wamegonga muhuri, ubalozi wanauliza
sababu ya safari. Kisanduku chenyewe
kidole gumba kinakifunika.
Nimeandika: Utalii.
Ningeandika nini? Kwamba nataka kusimama
pale palipopita mkasi,
nione kama jua linapiga machoni?
Yule wa glavu, kama yu hai, naye magoti yanamuuma.
Huenda tukaketi benchi moja tusijuane,
kila mmoja na msumari wake.

Vya kubeba: sweta mbili. Dawa ya presha.
Kahawa nusu kilo, ya kwetu, daraja la kwanza,
ya kumpa yeyote atakayekubali kunipiga picha.
Kikombe: ndani ya kitenge, kitenge ndani ya sweta,
kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi.

Jumapili, saa nne hadi saa tano, sijaandika kitu.
Karani ye yote angenikaripia, safu haiachwi wazi.
Nimeiacha.

Saa imelia. Zamu yangu ya mfongo ni saa nane usiku,
nikichelewa Mallya atayageuzia maji kwake
na kesho ataapa kwamba alikuwa amelala.
Nachukua jembe na tochi. Baridi inauma masikio.
Naubomoa udongo kwa kisigino,
maji yanaingia migombani, meusi, yakinong'ona,
nami nayafuata, taratibu,
kama mtu anayesindikiza mgeni.